Benki inataka hati ya nyumba ya mama ili nikasomee urubani, nisaini?

Shikamoo Anti,

Naomba unisamehe kwa urefu wa barua, hili jambo nimekaa nalo muda na nyumbani kila nikiligusa linageuka ugomvi. Mimi ni kijana wa kiume, nina miaka 24, nimesoma uhasibu na nimeajiriwa, mshahara sio mkubwa ila unaingia kila mwezi. Tangu niko mdogo nataka urubani na sio kwa ajili ya yunifomu, naitaka kazi yenyewe, nimeshasoma vitabu vya hali ya hewa na vya kuongoza ndege mpaka mjomba ananiita kapteni.

Sasa nimepata nafasi kwenye chuo cha urubani nje ya nchi. Kozi ni miezi 18, unaanza huna saa hata moja ya kuruka unatoka na leseni ya rubani wa biashara, ile CPL, pamoja na ya kuruka kwa vyombo, yaani kwa kusoma mitambo bila kutegemea kuona nje, na ya ndege ya injini mbili. Ada ni kwa dola, mimi nalipwa hela ya kwetu. Nimeenda benki ninakopokelea mshahara na afisa mikopo amenipokea vizuri sana, wako tayari kunipa ada yote, riba asilimia 12 kwa mwaka, muda wa kulipa miaka 10 na juu yake kuna kipindi cha neema cha miezi 24 ambacho silipi chochote. Wanachotaka ni hati ya nyumba ya mama kama dhamana na mjomba asaini kama mdhamini. Mama kakubali bila hata kuuliza swali. Mjomba pia kasema hamna shida, ni karatasi tu.

Chuo nacho kinasema nikilipa ada yote kwa mkupuo kabla ya kuanza napata punguzo la asilimia 8. Kwenye barua yao wameandika dunia ina uhaba mkubwa wa marubani na wahitimu wao wanagombewa.

Tatizo ni dada yangu mkubwa. Hataki kusikia. Anasema nitamtoa mama barabarani kwa ajili ya ndoto zangu, na toka aseme hivyo hatuongei vizuri. Mama analia, anasema nisaini nisimsikilize dada. Natakiwa kusaini mwisho wa mwezi huu la sivyo nafasi ya chuo inaenda kwa mwingine.

Anti nisaini? Na lile punguzo si nitakuwa nimeokoa hela nyingi? Na kweli nikimaliza napata kazi moja kwa moja? Naomba unijibu kwa ukweli hata kama ni mchungu.

Kapteni mtarajiwa

---

Marahaba mwanangu,

Nianze na jibu maana najua ndo unalolisubiri: hiyo karatasi kama ilivyo sasa hivi usisaini. Sijasema usisomee urubani, na wala sijasema usikope, watu wengi wanaorusha ndege leo walisoma kwa mkopo na wamelipa wakamaliza. Nasema huo mkopo, na hayo masharti, na hiyo nyumba, vikikaa pamoja vinakubana pabaya, na nikae nikueleze vizuri kwa nini maana nimefanya kazi idara ya mikopo muda mrefu kabla sijaanza kujibu barua za watu hapa, nawajua hawa wa benki wanavyopiga hesabu zao.

Benki inahesabu miezi. Urubani unahesabu masaa. Shida yako yote imekaa hapo katikati. Benki imekupa miezi 24 na ikiisha imeisha, mwezi wa 25 wanataka hela yao uwe umepata leseni hujapata, mvua ilinyesha haikunyesha. Chuo nacho kimekwambia miezi 18, lakini miezi 18 ni kama kila kitu kikienda sawa, na kwenye kuruka ni nadra kila kitu kwenda sawa. Hali ya hewa ikichafuka wiki nzima hamruki. Ndege ya kufundishia kila baada ya masaa 50 au 100 inaingia hanga kukaguliwa na kama kuna kipuri hakipo inakaa humo mpaka kije. Mwalimu wako anaweza kupata kazi shirika la ndege akaondoka katikati, na mwalimu mpya hakupeleki mbele kabla hajakuona mwenyewe unarukaje, kwa hiyo unarudia mazoezi na unayalipia tena. Mtahini ana foleni. Mwanafunzi mzuri tu, mwenye bidii, anaweza kuchelewa miezi sita bila kosa lake lolote. Sasa chukua miezi yako 24 toa 18, umebaki na sita, na hiyo sita ndo inayoweza kuliwa yote na ucheleweshaji. Utaanza kulipa marejesho ukiwa ndo kwanza umetoka chuoni huna kazi, na ukichelewa zaidi ya hapo ukiwa bado mwanafunzi, na barua yako haisemi hata pa kutoa hizo hela maana kazi ya uhasibu utakuwa umeshaiacha.

Alafu tuseme umemaliza siku ile ile waliyosema. Umetoka na leseni na masaa 200 na kitu, maana kiwango cha kimataifa cha ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, kwa CPL ya ndege ni masaa 200, au 150 ukisoma kozi iliyoidhinishwa. Leseni hiyo ni halali kabisa, ila leseni ni ruhusa ya kulipwa ukirusha ndege, haisemi nani atakulipa. Marekani kwa mfano huwezi kukaa hata kiti cha rubani msaidizi kwenye shirika la ndege la abiria bila masaa 1,500, sheria ilipitishwa 2010 baada ya ajali ya ndege ya abiria kule Buffalo, Marekani, ya 2009 na ikaanza kutumika 2013, wana nafuu kidogo kwa waliotoka jeshini au vyuo vikuu vya urubani vilivyoidhinishwa lakini hata hao wanahitaji mamia ya masaa zaidi ya uliyonayo wewe. Ulaya mtu wa masaa 200 anaweza kuchukuliwa, tena wanachukuliwa kweli, ila atakuwa ameshafanya kozi ya kufanya kazi na rubani mwenzake na mara nyingi atatakiwa pia awe na taipu retingi, yaani ile ruhusa ya kurusha aina fulani ya ndege kama Airbus A320 au Boeing 737, na kama shirika halikulipii basi unailipa mwenyewe na sio hela ndogo. Umeona kwenye barua ya chuo imeandikwa? Mi sijaiona kwenye ulivyoorodhesha. Pia wewe unasoma nje, na ukitaka kufanyia kazi nchi nyingine tofauti na iliyokupa leseni itabidi leseni ibadilishwe, kuna mitihani, kuna ada, kuna miezi tena.

Kati ya masaa 200 na kazi ya ndege kubwa, watu wengi wanaziba pengo kwa kuwa waalimu wa wanafunzi wengine, au kurusha ndege ndogo za kubeba watalii, za kupiga picha za ramani, za kunyunyizia mashamba, za kuvuta mabango. Ni kazi za heshima na zinafundisha kweli kweli. Ila malipo yake mwanzoni ni madogo, mara nyingi ni kwa saa, na siku isiyorukika hulipwi. Benki haijui hayo, yenyewe inataka tarehe tano ifike na hela ipo.

Na kuhusu uhaba wa marubani. Sio uongo. Boeing kila mwaka wanatoa makadirio yao na ya 2024 yalisema dunia itahitaji marubani wapya 674,000 ndani ya miaka 20. Ila soma vizuri, miaka 20, na anayesema ni kampuni inayouza ndege. Mashirika yakisema yana uhaba mara nyingi wanamtafuta kapteni, au mtu mwenye masaa ya kutosha na taipu retingi ya ndege zao. Na ajira za urubani zinakuja kwa mawimbi, baada ya Septemba 2001 zilikauka, baada ya 2008 zikakauka, 2020 Covid ilipoingia marubani wa maelfu ya masaa walirudishwa nyumbani na waliohitimu mwaka ule walijikuta kwenye foleni moja na watu waliorusha ndege kubwa miaka 15. Baadae zikafunguka tena kwa kasi, waliokuwa wameweza kuhimili wakaingia. Ndo maana nakuuliza utahimili vipi, maana siku ya kuhitimu kwako hakuna mtu anajua wimbi litakuwa limesimama wapi, na kosa halitakuwa lako.

Sasa tuje kwenye hesabu na we ni mhasibu kwa hiyo nitakwenda haraka. Tuchukue mkopo wa 100,000, hela yoyote ile, riba asilimia 12 na miaka 10. Kama riba inahesabiwa kwenye salio linalopungua na unaanza kulipa mwezi wa kwanza, marejesho ni kama 1,435 kwa mwezi na mpaka unamaliza umetoa kama 172,000. Weka sasa ile neema yako ya miezi 24. Afisa mikopo kakwambia hulipi chochote, na ni kweli hulipi, ila hajakwambia riba inasimama. Kwa kawaida haisimami, inaongezwa kwenye deni kila mwezi na yenyewe inazaa, kwa hiyo siku neema inaisha deni sio 100,000 tena ni kama 127,000, marejesho yanakuwa kama 1,822 kwa mwezi na jumla utakayotoa inakaribia 218,600. Hiyo neema imekugharimu zaidi ya 46,000. Na kama hiyo asilimia 12 ni riba ya flati, ile inayohesabiwa kwenye deni la mwanzo miaka yote hata kama umeshalipa nusu, basi hata bila neema yoyote ni 220,000. Asilimia ni ile ile 12 na hela ni tofauti mno. Kaulize iandikwe kwenye barua ni riba ya aina gani, na uombe jedwali la marejesho la mwezi kwa mwezi lenye mhuri. Benki isiyotaka kukupa hilo jedwali kabla hujasaini, ondoka.

Ukiweza, omba wakati wa masomo uwe unalipa riba tu. Inauma maana huna mshahara, lakini hata mjomba anayesema ni karatasi tu akichangia hapo kidogo kidogo atakuwa amekusaidia kuliko kusaini.

Punguzo la asilimia 8 nalo tulipige hesabu kwa sababu umeliona kama hela ya bure. Ada ni 100,000, ukilipa mkupuo unalipa 92,000. Ukilipa kwa awamu, tuseme awamu sita za kila miezi mitatu, unalipa 100,000 kamili, lakini benki nayo inatoa hela kidogo kidogo na riba inahesabiwa kwenye kilichotoka tu. Mpaka mwezi wa 18 ukifika, deni la mkupuo limefika kama 110,000. Deni la awamu limefika kama 111,200. Yaani umeokoa kama 1,100 kwenye laki moja. Kwa hiyo 1,100 umempa mtu asiyekujua ada yako yote kabla hujagusa usukani, na kama chuo kikifunga mlango wewe ni mdai kama mwenye mafuta na mwenye hanga, tena mara nyingi wa mwisho kwenye mstari. Na vyuo vinafunga. Uingereza mwaka 2023 peke yake, ndani ya miezi michache, vyuo viwili vya urubani vilivyokuwa vinafahamika vilisimamisha shughuli na wanafunzi waliolipa mbele wakabaki na nusu ya mafunzo na deni lote. Kama ni nchi yenye usimamizi kama ule na bado ikatokea, kwako ni wapi haiwezi kutokea? Lipa kwa awamu, kila awamu ifuate hatua uliyoimaliza. Hela ya mwanafunzi isikae kwenye akaunti ya chuo zaidi ya masaa ya miezi miwili mitatu ijayo. Chuo kikikataa kabisa awamu, kikasema mkupuo au basi, hiyo peke yake ni sababu ya kutafuta chuo kingine, na hapo sina haja ya kuona ndege zao zinang'aa kiasi gani.

Kwenye barua ya chuo angalia pia bei wameipiga kwa masaa mangapi. Vyuo vingi vinapiga bei kwa masaa ya chini kabisa ya kisheria, na wanafunzi wanaomaliza kwa masaa hayo sio wengi. Uliza mwanafunzi wa kawaida, sio yule bora, humaliza kwa masaa mangapi. Uliza saa inahesabiwa na mita ipi. Hili watu hawaliulizi. Ndege nyingi za mafunzo zina mita inayotembea muda wote injini ikiwaka, hata ukiwa chini. Umewasha, umefanya ukaguzi wako, umeenda mpaka pembeni ya njia ya kurukia, mbele yako kuna ndege tatu zinasubiri, mnara unasema subiri, na wewe umekaa hapo breki umezikanyaga, pangaboi linazunguka, mita inasoma sifuri nukta moja, nukta mbili, nukta tatu, na kila hiyo nukta ni hela uliyokopa kwa asilimia 12. Uwanja wenye ndege nyingi na njia moja ya kurukia unakula masaa yako ardhini. Kuna mita nyingine inayofuata mzunguko wa injini, hiyo injini ikiwa inazunguka polepole inatembea polepole na ni nafuu kwa mwanafunzi. Alafu uliza ada za kutua, ada ya mtahini, ada ya kurudia mtihani ukifeli, nyongeza ya mafuta bei ikipanda, hedseti, ramani, viza, pango, chakula. Ukishajumlisha vyote weka na akiba ya angalau asilimia 20 juu. Mkopo unaotosha ada peke yake unakuacha na robo tatu ya leseni, na robo tatu ya leseni haiajiriwi na mtu.

Kuhusu dola. Mkopo wako ni hela ya kwenu na ada ni dola. Hela ya kwenu ikishuka katikati ya kozi, awamu ya mwisho inakuwa kubwa kuliko kiasi benki ilichoidhinisha, na wewe uko huko nje. Hilo ndo jambo pekee ambalo mkupuo ungekusaidia na siwezi kukuficha, ila dawa yake sio kuwapa chuo, dawa ni kuomba benki ikuruhusu kununua dola mapema na kuziweka kwenye akaunti yako ya dola, zitoke kwa awamu. Benki nyingi zinaweza kufanya ukiwaomba kabla ya kusaini. Ni kweli riba itaanza kuhesabiwa kwenye kiasi utakachonunua, kwa hiyo nunua za awamu mbili za mbele tu, sio zote.

Kuna kitu kwenye barua yako sijakiona kabisa na kimenitisha kuliko riba. Hujasema umepima afya. Mwanangu, medikali ya daraja la kwanza ndo inatangulia kila kitu, inatangulia benki, inatangulia chuo, na inatakiwa ifanywe na daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya anga, tena ya nchi itakayokupa leseni. Watapima macho, masikio, moyo kwa ile mashine ya umeme, mkojo, watakuonyesha kile kitabu cha madoa ya rangi usome namba zilizofichwa ndani. Kuna kijana anaweza kuishi miaka 24 hajui kama rangi fulani hazitofautishi vizuri, maana hakuna kilichowahi kumlazimisha kujua. Lipia hiyo medikali kwa mshahara wako wiki hii. Ukikosa, umepoteza ada ya daktari, hujapoteza nyumba.

Na ukipata, kumbuka haifanywi mara moja tu maishani, ni kila mwaka, na umri ukienda kuna wanaopimwa kila miezi sita. Siku ikigoma leseni yako inalala hata kama wewe mwenyewe unatembea mzima. Benki watakuambia mkopo una bima, usishangilie, ukiisoma utakuta mara nyingi inalipa ukifa au ukipata ulemavu wa kudumu wa kutoweza kazi yoyote. Rubani aliyepata kifafa au tatizo la moyo bado anaweza kuwa mhasibu, kwa hiyo bima hiyo itasema hajalemaa, na deni linaendelea. Kuna bima tofauti inaitwa ya kupoteza leseni, ulizia kama utaweza kuikata ukiwa bado mwanafunzi na inagharimu kiasi gani, na uiweke kwenye hesabu.

Nyumba sasa. Hapa nitaongea na wewe kama mwanangu. Mama kakubali bila kuuliza swali, umeandika hivyo mwenyewe kama vile ni jambo zuri. Mtu anayeweka dhamana bila kuuliza swali hajakubali, amekupenda tu, na ni vitu viwili tofauti. Kama ile nyumba ndo anayolala na hana nyingine, mi sishauri iingie kwenye mkopo wowote ambao malipo yake yanategemea ajira ambayo haijapatikana. Nimeona nyumba zikipigwa mnada, na waliokopa walikuwa watoto wenye akili na bidii, sio wahuni, ila waliteleza miezi michache tu. Kama kuna kiwanja, kama kuna shamba lisilotegemewa, kama kuna akiba ya mtu, hapo tunaweza kuongea. Na mjomba mwambie mdhamini sio shahidi. Akisaini, benki inaweza kumfuata yeye kwa deni lote, sio nusu, na kwenye mikataba mingi hawahitaji hata kukumaliza wewe kwanza. Apewe mkataba akausome na mtu anayejua sheria, na akishausoma akabaki kwenye uamuzi wake, sawa.

Dada yako usimfanye adui. Kaongea kwa ukali lakini kaona kile ambacho wewe na mama hamjataka kukiangalia. Mpelekee hilo jedwali la marejesho, kaeni nalo mezani, mwambie akuonyeshe hapo ni wapi mtakwama, na umwachie apekue kila mstari. Naamini akishaona kwamba nyumba imetoka kwenye mpango atakuwa wa kwanza kukuchangia.

Njia ninayoiona kwako ni hii. Usiache kazi. Anza na leseni ya rubani binafsi, PPL, ambayo kiwango cha kimataifa ni masaa 40 tu, ingawa watu wengi humaliza kwa 55 au 60, ilipe kwa mshahara na akiba hata ikichukua mwaka mzima wa wikiendi. Mitihani ya nadharia isome ukiwa kazini. Watu wa anga wanaita kusoma kwa vipande, na leseni inayotoka mwisho ni ile ile. Faida yake ni kwamba ukifika masaa 60 utakuwa unajijua, kama una mikono ya kuruka, kama tumbo linastahimili, kama bado unaitaka, na utakuwa hujakopa hata senti. Kukusanya masaa ya katikati ndo kipande kinachoweza kupangwa kwa bei nafuu, mnagawana ndege na mwenzako. Mkopo uje kwenye kipande cha mwisho, CPL na ya vyombo na injini mbili, na hapo utakopa pengine nusu ya unachotaka kukopa leo, kwa muda mfupi zaidi wa masomo, na ukiwa na rekodi ya kuonyesha benki. Nusu ya deni wengine wanakupa kwa dhamana ya mshahara au gari.

Ukiwa unafanya hivyo, omba kila programu ya makadeti ya mashirika unayoruhusiwa kuomba. Kuna zinazolipia mafunzo zenyewe, British Airways walianza ya kwao 2023 na inalipia ada yote, ingawa lazima uwe na haki ya kuishi na kufanya kazi kule. Nyingine shirika linakudhamini benki na unakatwa kwenye mshahara ukishaajiriwa, huku umefungwa mkataba wa miaka kadhaa. Huo mkataba sio mbaya, angalau anayekukopesha na anayekuajiri wanaongea. Ila usiingie kwenye zile za kulipia ili urushe ndege ya abiria ya mtu, yaani unalipa wewe kwa kazi ambayo ungetakiwa ulipwe, hizo zikatae hata ukiwa umekwama.

Kuhusu tarehe ya mwisho wa mwezi, waandikie chuo kesho uombe kuhamishiwa intake inayofuata, sema unasubiri medikali, ni sababu wanayoielewa maana bila medikali hawawezi kukuruhusu uruke peke yako. Vyuo vinapokea wanafunzi mara kadhaa kwa mwaka, na chuo chenye nafasi moja tu iliyobaki mwaka huu mara nyingi kina nafasi tena miezi mitatu mbele. Benki nao waambie unataka mambo manne yaandikwe upya, neema ianze kuhesabiwa siku hela ya kwanza inatoka na iishe miezi 12 baada ya leseni na sio tarehe ya kalenda, hela itoke kwa awamu, riba iwe ya salio linalopungua, na dhamana ibadilishwe. La kwanza watakuambia haiwezekani. Omba basi neema ya miezi 36 na ruhusa ya kulipa riba tu ndani yake, hilo wanaweza. La dhamana wakigoma kabisa, hati mrudishie mama aiweke alipokuwa ameiweka, na wewe kata tiketi ya kwenda kwa daktari wa anga. Ukishapata majibu yake niandikie tena uniambie na masaa ya PPL wanauza bei gani huko uliko, tuipige upya.

Anti